Koma Mbili

Jilore,
9 Juni 2024.

Mwanangu Kadii,

Bahasha hii ikinuka kuku, usishangae. Nimempa Kyalo, yule anayenunua kuku huku kwetu na kwenda kuwauza kwenye mahoteli ya huko Bofa. Simu nimeachana nayo. Sauti yake siisikii hata nikiibandika sikioni, na kuichaji ni mpaka nimpelekee Sanga dukani kwake, ashinde nayo kutwa akisoma mambo yangu. Kwa hiyo tuandikiane kama zamani ulipokuwa shule ya bweni.

Kuna jambo. Jumatatu ulipoondoka, baada ya matanga ya kaka yangu Katana, nilikuta karatasi imechomekwa kwenye mlango wa jikoni. Imeandikwa kwa Kiingereza, herufi kubwa tupu. Nakunakilia jinsi ilivyo:

"To stay alive, this home must be left. If you will be here when the maize is ready, you will die."

Yaani: ili kubaki hai, mji huu lazima uachwe, ukiwa hapa mahindi yakikomaa, utakufa.

Nilicheka, mwanangu, wallahi nilicheka. Tazama sentensi ya kwanza. Imeanza na kusudi, "kubaki hai". Nani anayetaka kubaki hai? Sheria unaijua, maana nawe unaifundisha: mwenye kusudi ndiye anayepaswa kufuata mara moja. Hapa anayefuata ni mji. Kwa hiyo anayeogopa kufa ni nyumba yangu ya makuti, mimi simo. Halafu hiyo ya pili, "if" na "will" wamelazwa kitanda kimoja! Ujana wangu wote umekwishia kuwatenganisha hao wawili, na bado wanakutana nyuma ya mgongo wangu.

Aliyeandika namjua. Nilimfundisha mwenyewe na bado nampenda. Nikimtia mkononi nitamsahihisha uso kwa uso.

Haya maneno ya uchawi usiyatie moyoni. Unajua yalikoanzia. Katana alipokuwa mgonjwa nyumba ya pili, mimi nilikuwa nikisahihisha kazi za watoto wanaokuja kwangu jioni, na kwa uziwi huu nasoma kwa sauti. Janet, mke wa Sanga, akapita nyuma ya dirisha akanisikia nikisema, "Koma iko wapi? Hapa panataka koma. Bila koma huyu ameanguka." Wiki ile ile Katana akafa. Sasa Jilore nzima inajua kwamba Mwalimu Mwambire aliwaita koma, mizimu ya wazee wetu, wamwangushe ndugu yake. Alama ndogo ya Kiingereza, na jina lake likaja likafanana na la wafu wetu!

Sanga, mtoto wa Katana mwenyewe, anajua vizuri koma ya darasani ni nini. Nilimfundisha. Amenyamaza kimya, na hilo ndilo linaloniuma.

Mahindi yanaendelea vizuri.

Babako,
Mwambire.


Bofa, Kilifi,
13 Juni 2024.

Baba, shikamoo.

Nimesoma barua yako nikapiga kelele mpaka Phoebe, mwenzangu wa nyumba hii, akaniletea maji. Baba, huyo mtu amekuandikia kwamba utakufa, nawe unatafuta nafasi ya "will"! Hayo si mazoezi ya darasa la saba.

Nakuomba kwa jina la mama. Funga mlango, mpe mtu mbuzi zako, panda gari la Malindi uje kwangu. Chumba kipo. Kama hutaki kukaa na mimi, pale Malindi kuna nyumba inayohifadhi wazee wanaotishwa kama wewe. Wana walinzi na wana chakula.

Na tafadhali, tafadhali, usiende kwa Sanga kumuuliza habari za karatasi hiyo. Umesema unamjua aliyeandika. Usimjue. Mwache. Ukimuuliza Sanga mbele za watu utakuwa umemtia kichwani jambo ambalo pengine hakuwa ameliamua bado.

Ningekuja mwenyewe kukuchukua, lakini shule ina mitihani na mwalimu mkuu hatoi ruhusa.

Mwanao,
Kadii.


Jilore,
24 Juni 2024.

Kadii mwanangu,

Marahaba. Umenichekesha tena. Kwa Sanga nimekwenda, tena nimekula. Janet alipika sima na mchicha wa nazi. Habari ya karatasi sikuigusa kwa sababu haimhusu.

Kuhama, hapana. Nisikilize vizuri. Nikitoka hapa, hata nikitoka na kikapu kimoja, kesho yake watasema, "Mwaona? Amekimbia. Kumbe kweli." Kukimbia kwangu ndiko kukiri kwangu. Wale wazee walioko Malindi wote wana chakula na walinzi kama usemavyo, ila hakuna hata mmoja ambaye kwao haitwi mutsai, yaani mchawi. Wamehifadhi miili, majina yameliwa. Mimi nimefundisha nusu ya watu wa hapa kusoma majina yao. La kwangu silitupi.

Na kaburi la mamako liko hapa nyuma ya mkorosho. Nani atalipalilia?

Hujaniambia kwa nini kweli hukuja. Mitihani ya shule naijua ratiba yake, na haiko mwezi huu. Siku ya matanga nilikuona umenenepa usoni na umejifunga leso mbili kwenye jua lile. Kama kuna mtu amekupata uniambie, sitauma.

Babako,
Mwambire.


Bofa,
4 Julai 2024.

Baba,

Kyalo ameniambia habari za mbwa wako. Ameniambia alimkuta amelala kwenye njia ya choo, povu mdomoni, na kwamba wewe ulimzika mwenyewe. Mbona hukuniandikia? Umeniandikia mchicha wa nazi, mbwa ukamwacha!

Basi na mimi niseme nililolificha, maana sina tena pa kujificha.

Ile karatasi niliiandika mimi.

Niliiandika Jumatatu ile alfajiri jikoni kwako, kwenye ukurasa niliochana daftari langu la shule, nikaichomeka mlangoni nikaenda zangu barabarani. Niliandika Kiingereza kwa sababu kwa Kigiriama au Kiswahili ungeisikia sauti yangu. Nikaharibu sarufi makusudi. Nikaweka "will" pasipotakiwa na nikaliacha kusudi bila mwenyewe, ili ufikiri ni mmoja wa vijana wa hapo. Nilitaka uogope, baba. Nilitaka uogope usiku mmoja tu, asubuhi uondoke.

Lakini hatari yenyewe sikuitunga. Usiku wa mwisho wa matanga nilitoka kwenda kuchota maji nyuma ya jiko, nikamsikia Sanga na wadogo zake. Hawakuniona. Sanga alisema, "Mahindi haya hatayala. Atamfuata baba kabla ya mavuno." Mdogo wake akauliza, "Na shamba?" Sanga akasema, "Shamba litabaki na wenye kubaki." Hakuna aliyeandika, hakuna aliyetisha mtu. Walisema polepole kama watu wanaopanga siku ya kuezeka nyumba.

Kwa nini sikukuambia asubuhi ile? Kwa sababu nakujua. Ningekuambia, ungewaita wazee, ungemsimamisha Sanga katikati, ungemuuliza kwa Kiswahili chako kilichonyooka, nao wangekumaliza usiku huo huo.

Sasa umekula kwake. Umekula mkononi mwa mtu yule! Toka, baba. Nakupigia magoti. Toka leo.

Kadii.


Jilore,
12 Julai 2024.

Kadii,

Nilijua ni wewe tangu jioni ile ya kwanza.

Nilifikiri unanisikia nikikutania. Nilikuandikia kwamba mwandishi namjua na nampenda, nikangoja ucheke ukiri. Wewe ukanijibu habari za Sanga, nikasema huyu mtoto bado anacheza, wacha nicheze naye.

Unataka kujua ulipojikwaa? Si kwenye makosa. Makosa uliyafanya vizuri. Ulijikwaa kwenye koma. Mtu asiyejua kwamba "will" haikai pale, atajuaje kwamba sharti likitangulia hufungwa kwa koma kabla ya jibu lake kuja? Na kusudi likitangulia, vilevile koma. Umeweka koma mbili, kila moja mahali pake, nzuri kabisa, kama nilivyokuonyesha kwa kijiti mchangani ukiwa na pengo la meno ya mbele. Sanga hajapata kuweka koma hata moja maishani mwake. Mkono wako ulikataa kuziacha.

Sasa sikia ulichokifanya. Nilipojua ni wewe, nikasema: basi hakuna kitu. Kitisho chote ni cha binti yangu mwoga. Tangu siku hiyo nimelala mlango wazi kwa ajili ya joto. Mbwa alipokufa nilisema amekula sumu ya panya. Nilikwenda kwa Sanga nikala nikiwa na moyo mweupe, nikamsifia mkewe mapishi. Karatasi yako haikunitisha, Kadii. Ilinilaza usingizi.

Nimekasirika. Nimekaa na hasira hii siku kadhaa ndipo nikaweza kushika kalamu. Ungaliniambia asubuhi ile, ningalikuamini. Mimi ni mzee, si mtoto wa kutishwa kwa karatasi.

Sasa nafunga mlango. Usiku nasikia miguu nje, na mimi huwa sisikii kitu, kwa hiyo sijui kama ni miguu au ni moyo wangu. Naogopa. Nimeliandika neno hilo, ulione.

Lakini bado siwezi kuondoka. Mambo yote unayoniambia yanaanza na "kama" na "ukikaa". Kwa sharti sitoki. Nikitoka kwa sababu ya sharti nimekimbia, na nikikimbia nimemuua Katana. Nipe mahali pa kwenda na kazi ya kufanya nikifika, nitoke mchana mbele ya watu wote, kila anayeniuliza nimwambie naenda kufanya nini. Nipe kusudi. Kama huna, uniache.

Babako.


Bofa,
20 Julai 2024.

Baba yangu, shikamoo.

Umenisema na umesema kweli. Sina la kujitetea. Kila usiku nauona mlango wako uko wazi, nami ndiye niliyeufungua.

Unataka kusudi. Ninalo, na nimelificha kwa aibu. Nisamehe kwa namna ninavyolitoa.

Nina mimba. Leso mbili zilikuwa za kuifunika. Baba yake ni Lewis, yule niliyekwambia ni mwalimu mwenzangu tu. Amehamishiwa bara na namba amebadilisha, na wala simtafuti. Daktari ameniamuru nilale, presha iko juu, miguu imevimba kama maboga. Ndiyo sababu sikuja kukuchukua. Shule iko kwingine na mimi niko kitandani, Phoebe akitoka kazini hotelini ndiye anayenipikia.

Mtoto atazaliwa mwisho wa mwezi ujao. Hana upande wa baba wa kumpa jina. Kwa hiyo ni wa kwetu, na anayempa jina ni wewe. Tena unajua zaidi yangu kwamba jina hutamkwa kwa mdomo, sikioni mwa mtoto, na mzee aliyemshika. Haliji kwa barua ya Kyalo.

Ili kumpa mjukuu wako jina, njoo Kilifi. Hapo mwenye kusudi ni wewe, baba, na mtendaji ni wewe. Sentensi imekamilika. Waambie wote unakokwenda na unakwenda kufanya nini.

Na hata wakisema umekimbia, waache waseme. Wanataka kukuita mchawi, wakuite. Ningekuwa na baba mwenye jina safi kaburini, ningefanya naye nini? Mimi nataka mchawi wangu aliye hai.

Kadii.


Jilore,
2 Agosti 2024.

Kadii mwanangu,

Nimesoma barua yako nikaisoma tena nje kwenye mwanga. Umenidanganya mara moja, kwa hiyo nilimhoji Kyalo. Ameniapia kwamba amekuona kwa macho yake na tumbo limetangulia mlangoni.

Sitakusema kuhusu Lewis. Mamako angekusema, na baadaye angekwenda kununua nguo za mtoto. Mimi nimekwenda moja kwa moja kwenye nguo.

Jumamosi tarehe kumi nitatoka, saa za mchana. Nimemwambia kila mtu, hata Janet. Nimewaambia, "Naenda Kilifi kumpa mjukuu jina." Wengine wameniombea heri, wengine wameangalia chini. Mahindi yamekauka ndevu. Naacha yote yalivyo.

Kaa umelala. Usinyanyuke kunipokea.

Babako,
Mwambire.


Bofa,
14 Agosti 2024.

Baba uko wapi

Jumamosi ilipita. Jumapili ikapita. Phoebe amekwenda stendi kila jioni akitoka kazini. Nimeipigia simu yako, mtu akaipokea, akapumua, akakata.

Nampa Kyalo barua hii lakini sijui atampelekea nani. Anasema amesikia kuna moto umewaka kwenu usiku wa Jumamosi na hakusubiri kuuliza zaidi. Nilitaka kupanda gari, Phoebe akanizuia mlangoni, nikamtukana, maskini, nikaanguka.

Ni mimi niliyekutoa nje. Ungalibaki ndani na mlango umefungwa pengine ungalikuwa hai. Nilikutaka barabarani, mchana, mbele ya watu wote, kila mtu akijua siku na saa. Nimewapangia wenyewe.

Baba, ukiisoma hii, usijali jina. Mtoto akae bila jina. Njoo tu.

Kadii


Bofa, Kilifi,
1 Septemba 2024.

Sanga mwanangu,

Anayeandika ni Kadii, maneno ni yangu. Mkono wangu wa kulia uko kwenye plasta na sababu unaijua.

(Neno "mwanangu" amenilazimisha. Mimi nisingeliandika. Kadii.)

Jumamosi ile nilipita mlangoni kwako nikaaga. Mkanisubiri kwenye njia ya mtoni, wewe na wadogo zako. Uliniuliza naenda wapi, na jibu ulikuwa nalo tangu juma lililotangulia. Nikakwambia, naenda Kilifi kumpa mjukuu jina. Ukasema, "Mutsai hampi mtoto jina." Panga likashuka, nikakinga kwa mkono. Lilinipiga kwa ubapa, nikasikia mfupa ukilia, mimi nisiyesikia kitu. Ungeweza kulinyanyua tena. Nilikuona ukiliangalia kama kitu ulichookota. Kisha ukawaambia wenzako, "Twendeni."

Mtu wa pikipiki aliniokota, nikalazwa hospitali Malindi. Simu ilikuwa imebaki dukani kwako, homa ikanichukua, sikuweza kutaja namba ya mtu yeyote. Akili iliporudi nikamtaja Phoebe na hoteli yake, ndipo wakampata Kadii. Kwa siku zote hizo binti yangu alinililia mimi niliye hai. Hilo nalo ni lako, liweke pamoja na mengine.

Nimesikia nyumba mliichoma. Mahindi mvune. Kaburi la shangazi yako, namaanisha mke wangu, mlipalilie, halikuwakosea kitu.

(Amesema "shangazi" badala ya "mama mdogo", amechoka. Nimemwambia tupumzike, amekataa.)

Kadii anasema akitoka arubaini atakwenda polisi, na maneno uliyoyasema nyuma ya jiko atayasema yote. Ana haki. Sitamzuia, na nikiulizwa nitasema kweli. Sikuandikii kukuombea wala kukutisha.

Nakuandikia kwa sababu mtoto amezaliwa. Ni mwanamume. Nilipewa nikampakata kwa mkono huu mmoja uliobaki, nikainama sikioni mwake, nikampa jina. Nimempa Katana. Jina la baba yako.

Sasa niambie, Sanga. Mzee gani wa kwetu aliyemla ndugu yake angethubutu kulitamka jina lile ndani ya nyumba anayolala? Angempa damu yake mwenyewe, aliite asubuhi, aliite mchana, aliite usiku taa zikizimwa? Mimi naliita. Katana, nyamaza. Katana, nyonya. Katana, nitazame. Nalia ninapoliita, kwa sababu kaka yangu nilimpenda, na tangu afe hakuna aliyeniacha nimlilie. Kwenye matanga nilikaa peke yangu kwenye kiti cha pembeni, mkiniangalia mikono.

Mila unazijua, aliyepewa jina la mzee ndiye mzee mwenyewe. Huyu si mpwa wako. Huyu ni baba yako, na ukimwona utamwamkia. Ana paji lenu pana na hasira zenu, akikosa ziwa anapiga ngumi hewani.

Ulipolishika panga ulijiambia unamlilia baba. Basi yuko hapa, Bofa, kwenye mapaja yangu. Njoo umwambie ulichomfanyia ndugu yake.

Baba yako mdogo,
Mwambire.